Siku Niliyomwita Mwenye Ng'ombe Mwizi

Najua wapo miongoni mwenu mliousikia mkasa huu kwa watu wa Uyole, na najua wameutia chumvi, maana wanasema nilizimia ukumbini, na mimi sikuzimia, nilikaa tu chini ghafla. Kwa hiyo leo nausimulia mwenyewe, aibu yote, ili kama ni chumvi basi angalau iwe ya kwangu.

Mimi ni Ambakisye, wengi mnaniita Amba, nimepanga Soweto hapa Mbeya, natengeneza tovuti na programu ndogondogo, na nina ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: simwamini mtu. Kamera ya kompyuta yangu nimeiziba kwa plasta (ile ya vidonda). Nikiwa mgahawani nikabanwa na haja, naenda msalani na kompyuta kwapani. Fundi umeme akiniambia waya umeungua, namwomba waya niunuse kwanza. Mama anasema nilizaliwa hivi, eti hata nilipokuwa nanyonya jicho moja lilikuwa wazi linamtazama mkunga.

Mama mwenyewe ni tofauti kabisa. Anakaa Uyole, anafuga ng'ombe wa maziwa, wale wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: kikundi kinakupa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, unamlea, akizaa ndama jike wa kwanza unampeleka kwa mwenzako anayefuata kwenye orodha, naye ng'ombe wake akizaa afanye vivyo hivyo, na kila ng'ombe ana kadi inayosema alitoka kwa nani. Ndama wa mama alikuwa mzuri mno, ana baka jeupe usoni, na siku ya kumtoa mama alilia tangu asubuhi, lakini alimtoa, tena na kamba mpya. Ndiyo maana watu wanamwamini mpaka wakamchagua mjumbe kwenye mtandao wa vikundi vya wafugaji wa Mbeya, Njombe na Iringa.

Sasa, mtandao huo ulitaka tovuti ambayo mabwana mifugo na wafugaji wenyewe wataandika habari zao, chanjo lini, kiangazi ng'ombe wale nini, bila kumwita fundi kila siku. Kwa hiyo walihitaji kihariri, yaani ile sehemu ya programu unapoandika, unaweka picha, unakoleza maneno, unahifadhi. Na walitaka kiwe cha chanzo huria, mtu yeyote aweze kuona kimeundwaje na kukirekebisha, kwa sababu fundi wao wa kwanza alihamia mbali na nywila zote zikiwa kichwani mwake. Mama akasimama kikaoni akasema, "Mwanangu anaweza. Mimi nasimama naye." Wakanipa kazi bila kuniuliza hata cheti.

Sikuanza na ukurasa mtupu, hakuna anayeanza hivyo siku hizi. Nilishusha mtandaoni kihariri kidogo cha chanzo huria, chepesi, hakili bando, na ndani yake mlikuwa na faili moja la maandishi linaitwa LESENI. Nikalifungua. Majina ya watu wanne, halafu maelezo marefu. Niliyapitia majina juujuu tu, maelezo sikuyagusa. Nikajiuliza, hawa ni akina nani, na kwa nini wanataka majina yao yakae ndani ya kazi yangu, na kesho wakija kudai je? (Mtu mwenye akili timamu angeendelea kusoma, maana yale maelezo yalikuwa yanajibu swali hilohilo. Lakini mimi nilishahisi mtego, na mtego husomi, unaukwepa.) Nikabofya, nikafuta. Mahali pake nikaandika leseni yangu mwenyewe: Ni marufuku kunakili, kubadili wala kutazama bila ruhusa ya Ambakisye. Kutazama! Programu ya wazi, imetiwa kufuli. Nikaipa jina Malisho, na baada ya mwaka wa kuongeza hiki na kurekebisha kile nikawa naamini kutoka moyoni kwamba yote nimeiandika mimi.

Nilipoiweka mtandaoni wafugaji waijaribu, ikaja barua pepe kutoka Iringa. "Kamwene kaka Ambakisye. Naitwa Vumilia. Nimeiona Malisho, hongera sana. Naomba tuongee kidogo kuhusu leseni, nadhani kuna kitu kimesahaulika." Wiki iliyofuata akaandika tena, akaandika na mara ya tatu, kwa adabu ileile. Nikasema huyu anataka kitu. Matapeli wote wanaanza na salamu. Nikamfungia asiweze kuniandikia tena, nikalala usingizi mzuri.

Mara mwenyekiti wa mtandao, Mzee Mgaya, Mbena mmoja mpole mwenye kikohozi, akatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuna mtu wa Iringa naye ana kihariri, kwa hiyo tukutane Iringa, kila mmoja aonyeshe chake, wajumbe wachague. Jina la mtu: Vumilia. Nikafungua kihariri chake kwa simu. Vitufe vilevile! Mpangilio uleule! Hata kitufe cha Hifadhi ni cha rangi ya chungwa kama changu. Nikakumbuka kwamba kwenye Malisho ukibonyeza Hifadhi mara tatu harakaharaka, chini panatokea maneno "Pumzika, chai inapoa." Niliyagundua siku moja mtandao ulipokwama, na sikujua yametoka wapi, nikajiambia huenda niliyaandika siku ile nina malaria. Nikabonyeza cha Vumilia mara tatu. Pumzika, chai inapoa.

Ameniibia!

Nilitafuta mwizi alipopitia mpaka akaipata kazi yangu. Nikaacha kumsalimia Gwamaka, jirani yangu fundi simu, kwa sababu aliwahi kuniazima chaja, na mtu anayekuazima chaja bila kuombwa anatafuta nini? Mama sikumwambia neno. Nilitaka alione kwa macho yake, mbele ya wajumbe wote, jinsi mwanawe anavyomnasa mwizi.

Tukapanda basi alfajiri, mama na madumu mawili ya maziwa mgando ya kuwagawia wajumbe, mimi na kompyuta mapajani kama mtoto mchanga. Makambako mama akanunua mahindi ya kuchemsha dirishani, nikamuuliza muuzaji maji ya kuchemshia ameyatoa wapi. Mama akanitazama. "Amba, utakufa na njaa kwa kumshuku mwenye mahindi." Akala yote mawili.

Ukumbini Gangilonga, palepale Iringa, walikuwa wajumbe kama arobaini. Vumilia niliyemtarajia mimi alikuwa na miwani myeusi. Niliyemkuta ni dada mfupi wa rika langu, sweta jekundu, aliyekuja moja kwa moja kwa mama, akapiga goti kidogo, akampokea madumu. Mama akampenda palepale, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Mzee Mgaya hajamaliza kufungua kikao, nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kabla ya maonyesho, naomba wajumbe wajue kwamba humu ndani kuna mwizi."

Mama alikuwa anamimina maziwa, akasimamisha dumu hewani.

Nikaunganisha kompyuta yangu na projekta, nikaonyesha Malisho, nikaonyesha na cha Vumilia, kitufe kwa kitufe, halafu nikabonyeza Hifadhi mara tatu kwenye vyote viwili, maneno ya chai yakatokea ukutani makubwa kama bango la mkutano. Watu wakaguna. Na hapo ndipo nilipoongeza kuni kwenye moto wa kunichoma mwenyewe, maana ningeweza kuishia hapo, lakini makofi ya wawili watatu yalinilevya. Nikasema, "Huu ni mtego nilioutega mwenyewe. Nilijua iko siku mtu ataiba."

Mzee Mgaya akauliza, bila ubaya wowote, "Na kwa nini chai, kijana?"

"Ni maneno ya mama yangu, mwenyekiti. Nikiwa mdogo nikizidisha kusoma alikuwa ananiambia hivyo."

Mnakumbuka mama alikuwa wapi? Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na dumu mkononi.

"Mimi?" akasema mama. "Mimi chai sinywi, mwenyekiti. Tangu nimeolewa sijapika chai nyumbani kwangu, tunakunywa maziwa. Na huyu hajawahi kuzidisha kusoma."

Walicheka mpaka Mzee Mgaya akashikwa na kikohozi. Vumilia peke yake hakucheka. Akasimama taratibu. "Kaka, samahani. Kompyuta ni yako, sisogei hata karibu. Naomba ufungue historia ya mabadiliko, kisha ushuke mpaka mwisho kabisa."

Historia ya mabadiliko, kwa msiojua, ni daftari ambalo programu yenyewe inaandika nani amebadili nini na lini, na ukishusha kazi ya mtu namna nilivyoishusha mimi, daftari lake unalishusha pamoja nayo. Mimi nilikuwa sijawahi kushuka zaidi ya kazi zangu za wiki ile. Nikawaza, nikikataa nitaonekana naficha. Nikashuka. Ambakisye, Ambakisye, Ambakisye, nikaanza kutabasamu, halafu ukurasa ukafika kwenye mstari wangu wa kwanza kabisa, na maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu yakakaa ukutani mbele ya wajumbe: "Nimefuta faili la majina. Hawa watu siwajui."

Chini yake ni Vumilia. Vumilia, Vumilia, na wenzake watatu, mamia ya mistari, na mmoja umeandikwa: "Nimeongeza maneno ya bibi kuhusu chai, yatatusaidia tukichoka."

Ndipo nilipokaa chini. Kiti hakikuwa pale nilipodhani kipo, ndiyo maana watu wa Uyole wanasema nilizimia.

Vumilia hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Aliwaeleza wajumbe kwamba leseni yao inamruhusu mtu yeyote kuchukua, kubadili na kugawa, hata kuuza, kwa sharti kwamba majina ya waliotangulia yabaki na anayepewa naye aachiwe ruhusa zilezile. "Kwa hiyo kaka hakuiba alipochukua," akasema. "Tuliweka ichukuliwe. Tatizo ni kufuta na kufunga. Leseni yake inakataza kile ambacho yetu inaamuru, haziwezi kulala zizi moja. Mimi mwenyewe nilitupa kifaa kizuri sana cha majedwali, miezi miwili ya kazi, kwa sababu leseni ya kifaa hicho haikupatana na yetu."

Mama alikuwa ameshaweka dumu chini.

"Amba," akasema. "Simama."

Nikasimama.

"Ukipewa mtamba wa kikundi, ukachana kadi yake, ukaandika jina lako, ukafunga zizi asitoke hata ndama, unaitwa nani?"

Nikapeleka mkono kuizima projekta.

"Jibu, watu wanasubiri."

"Mwizi wa mtamba, mama."

Akamgeukia Mzee Mgaya. "Mwenyekiti, kule kwenye kikao nilisema nasimama naye. Leo nakaa. Na nafasi yangu ya ujumbe mumpe mwingine, maana neno langu limeliwa." Akakaa, akajifunika kitenge mabegani. Nimewahi kupigwa na mama, nimewahi kutukanwa na mama kwa Kinyakyusa chote, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kumwona akikaa.

Na aliyeniokoa, jamani, ni huyohuyo mwizi wangu. Vumilia akamwambia mwenyekiti, "Mama asiache nafasi yake. Leseni yetu inampa aliyekosea muda wa kurekebisha. Akirudisha majina na akatoa kile kizuizi, haki yake inarudi kama mwanzo."

"Arekebishe sasa hivi," akasema Mzee Mgaya.

Kwa hiyo nikarekebisha, projekta ikiwa inawaka, watu arobaini wanakunywa maziwa huku wananitazama ninavyokosea nywila yangu mwenyewe mara mbili. Nikafuta leseni ya Ambakisye. Nikarudisha faili lao. Mzee Mgaya akasoma majina manne kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila jina lilipigiwa makofi. Halafu Vumilia akauliza kwa upole kile kifaa changu cha picha nilikitoa wapi, nikakiri kwamba nacho nilikichukua mahali, tukasoma leseni yake pamoja, ikawa inakataza matumizi ya biashara, na hawa wafugaji wanauza maziwa. Nacho nikakitoa.

Wakachagua kihariri cha Vumilia, wangechagua kipi tena? Ila kuna kipande kimoja kwenye Malisho ambacho kweli nilikiandika mimi, kinachotunza maandishi mtandao ukikatika, na Vumilia akauliza kama naweza kukitoa kiingie kwenye chao. Kikaingia. Jina langu likaandikwa la tano. Mama akabaki mjumbe kwa kura, lakini hakunitazama.

Tulirudi kwa basi, yeye amegeukia dirisha mpaka tulipopita Igawa. Pale ndipo akanipa hindi lililopoa, nikalila bila kuuliza maji. Siku ya pili nilimpelekea Gwamaka dumu la maziwa, akanishangaa, akauliza, "Kwani nini tena?" Nikamwambia ni ya chaja.

Tangu siku hiyo nikishusha kitu chochote naanza na leseni, nasoma mpaka nukta ya mwisho, na jina la mtu sifuti hata kama silijui, hasa kama silijui. Plasta kwenye kamera bado ipo, siwadanganyi. Lakini kuna kitu kimoja kimebadilika nyumbani ambacho kinaniuma mpaka leo. Juzi kikundi cha akina mama wa Rujewa kilitaka tovuti, wakampigia mama kumuuliza kama mwanawe anafaa. Zamani angejibu kabla hawajamaliza kuuliza. Safari hii alinipigia mimi kwanza.

"Nitasimama na wewe," akasema. "Lakini njoo nyumbani, nionyeshe kadi."

Mimi niliyeishi nikimshuku kila mtu, nilikuwa na mtu mmoja tu asiyenishuku. Nikachukua kompyuta, nikaenda Uyole, nikafungua faili la leseni mbele yake, na mama akavaa miwani akasoma majina yote, taratibu, moja baada ya jingine.