Jua Nililoliomba Lisitoke

Watu husifu sana jua la Kitengela likichomoza. Ni zuri, sikatai. Lakini mimi, Naliaka, mzaliwa wa Webuye, niliwahi kuliomba lisitoke.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku kiwandani Athi River, nami nilibaki na Sheryl wetu, mtoto wa miaka mitano, katika nyumba ya mabati pembeni kabisa mwa mji, karibu na mbuga ya wanyama. Kila alfajiri tulishindana: atakayeliona jua kwanza upande wa kilima cha Lukenya apige kelele "Nimeliona!" na andazi kubwa liwe lake. Sheryl hakujua kushindwa. Nikimtangulia alirudi kitandani, akajifunika gubigubi, akanuna mpaka chai ipoe.

Tulikuwa na mbuzi watatu kwenye zizi la waya. Jirani yetu, mzee Meitamei, alilitazama akacheka. "Mama Sheryl, hii waya ni ya kuku. Simba ikitoka huko park itaingia tu. Weka miiba." Nikamjibu kwamba miiba ni mambo ya zamani. Asiyesikia la mkuu, mnajua yanayompata.

Siku hiyo, giza likianza kupauka, nilienda chooni nikaurudisha tu mlango wa nyumba, Sheryl akiwa amelala. Nikiwa humo nikasikia mbuzi akilia mara moja, akanyamaza. Nikachungulia kwenye ufa. Simba jike alikuwa amelala uani, kati yangu na nyumba, anatafuna.

Mimi ningeweza kukaa humo kimya hadi mchana. Aliyenitia kiwewe ni Sheryl. Kukipambazuka angeamka, angesukuma mlango na kukimbilia uani kutafuta andazi lake. Na ningemwita nimwonye, angetoka mbio zaidi, maana mtoto akisikia sauti ya mama haulizi maswali. Mbingu ikaanza kuwa nyekundu. Mungu wangu, nikasema, lizuie kidogo tu. Wekundu ukazidi kupanda.

Mlango wa nyumba ukalia. Nikaona vidole vyake vidogo ukingoni. Simba akainua kichwa.

"Nimeliona!" nilipiga kelele kwa pumzi zangu zote. "Sheryl, nimeliona mimi kwanza! Andazi ni langu!"

Vidole vikasimama. "Uongo! Mama, wewe ni mwongo!" Mlango ukabamizwa. Alikuwa amerudi kununa.

Simba naye akaja kwangu. Niling'ang'ania mlango wa choo kwa mikono miwili, kivuli chake kikaziba ufa, nikamsikia akinusa. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Kisha mbwa wa Meitamei wakafika wakibweka, mzee na wanawe nyuma yao na mikuki, na simba akaondoka na mbuzi wangu mdomoni, wala hana haraka.

Nilimkuta Sheryl chini ya blanketi, hataki kuguswa. Nilimkumbatia hivyo hivyo, yeye amekasirika.

"Jua halikuwa limetoka," alisema. "Umedanganya."

"Ndiyo, mama. Nimedanganya."

Sasa yuko darasa la saba, zizi letu ni la miiba, na bado tunatoka pamoja alfajiri. Hajashindwa tena tangu siku ile. Jua linanipiga usoni, nami nimefumba macho, nangoja mpaka nisikie sauti yake.