Kata ya Mwisho kwenye Kinyungu cha Mama

Enzi zetu pale Kifanya pombe haikupikwa kwa sababu mtu ana kiu. Ilipikwa kwa sababu kuna shamba la kulima, nyumba ya kuezeka au msiba wa kumaliza. Mama anayepika alijulikana mapema, kwa kuwa ulezi wake ulikuwa umelowekwa kijitoni, mfuko umefungwa kwenye jiwe, na kila aliyepita aliuona. Hakuna aliyeuchukua. Leo acha ndoo ya plastiki kijitoni uende kuita mtu wa kukusaidia kuibeba, ukirudi inafugiwa vifaranga kwa jirani.

Aliyepika vizuri kuliko wote alikuwa bibi yangu, mzaa mama, ambaye wakati huo alikuwa hajabatizwa. Sisi wajukuu tulitoroka kwenda kwake kwa ajili ya togwa. Asubuhi za Juni umande uliganda juu ya nyasi, na viatu hatukuwa navyo, basi tulikimbia tukitafuta mahali ng'ombe walipolala. Tulimwinua ng'ombe kwa fimbo na kusimama palepale alipopapasha joto, tukabadilishana mguu huu na ule. Wajukuu zangu nikiwasimulia wanaziba pua. Wao hata kwenda chooni wanavaa soksi.

Kwa bibi kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku. Ulezi ulioota vimikia vyeupe ulianikwa juu ya mwamba hadi ukauke uwe kimea, halafu ukasagwa kwa jiwe. Bibi alipika uji wa mahindi kwenye pipa, akauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, ndipo akakoroga kile kimea. "Uji wa moto unakiua," alisema, "na wa baridi unakilaza usingizi." Vyombo alivisugua kwa maji yanayochemka tu. Sufuria iliyowahi kuona mafuta haikusogea karibu, maana mafuta huua povu. Kesho yake uji ule mzito ulikuwa umelegea na kuwa mtamu. Hiyo ndiyo togwa yetu. Tulikunywa mpaka matumbo yakacheza ngoma, kisha tukafukuzwa, kwa sababu baada ya hapo ilianza kuwa ya wakubwa.

Mama alijifunza yote hayo usichanani. Lakini yeye na baba walikuwa Wakristo, mama akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu, na sheria ya kanisa siku zile ilikuwa moja: apikaye pombe anatengwa na Meza ya Bwana, hapewi mkate wala divai. Nyumbani kwetu pombe haikupikwa.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Alituachia kinyungu, yaani bustani ya bondeni ambayo watu wa kwetu hulima wakati wa kiangazi, udongo ukiwa bado na unyevu. Mahindi mabichi na maharage ya kinyungu ndiyo yaliyotuvusha hadi mavuno. Na desturi ilisema kinyungu hakilali. Kikikaa msimu mmoja bila jembe, ukoo humpa mtu mwingine.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu, alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni.

"Kamwene, shemeji," alimsalimia mama. "Pole tena na msiba. Kinyungu cha mdogo wangu kitalimwa na nani?"

"Kitalimwa, shemeji."

"Nauliza na nani. Hawa watoto jembe linawazidi urefu."

"Na watu. Kama vinavyolimwa vingine."

Mama aliwaita watu kwa togwa na chakula, kama kanisa lilivyotufundisha. Walikuja wanakwaya wachache, wakalima upande mmoja, wakarudi kwenye vinyungu vyao ambavyo navyo vilikuwa vinangoja. Siwalaumu. Kwa togwa mtu alikuja kukusaidia kidogo. Kwa pombe kijiji kizima kilikuja kumaliza. Jioni ile mama alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida. Asubuhi alichukua ulezi wa mbegu akaenda kijitoni.

Baridi ya mwaka ule haikuwa na huruma. Pipa lilikaa kimya jikoni, halitoi povu wala sauti, na watu walikwisha kuitwa. Bibi alikuja, akaweka sikio kwenye pipa, akasema, "Mwanangu, mtoto huyu anasikia baridi. Mfunike." Mama alitoa mablanketi ya vitandani akalizungushia, akaongeza koti la baba, akaweka makaa kwenye chungu kando yake. Sisi tulilala tumejikunja pamoja kama vibuyu ndani ya kapu. Siku ya pili pipa likaanza kunong'ona, na mama akafunika uso kwa khanga. Sikujua kama anacheka au analia, na mpaka leo sijui.

Siku ya kulima bonde lilijaa majembe na nyimbo. Kinyungu kiligawanywa ngwe kwa ngwe, kila mtu na ngwe yake. Utaratibu wa kugawa ulijulikana: mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wote, ili waone ni salama, kisha anashika kata, kile kibuyu kidogo chenye mkono, na hakuna mwingine anayeigusa. Aliyemaliza ngwe anapewa haki yake, kata tatu. Aliyelima mbili anapewa mara mbili. Ndiyo siku pekee niliyomwona mama akionja pombe.

Jua lilipoinama, kona ya matete ilikuwa haijaguswa. Mizizi yake ilikuwa migumu, na watu walikwisha kukaa. Baba mkubwa alisimama ukingoni akiitazama.

"Naona kona hii haina mwenyewe," alisema.

Hapo alisimama baba Zawadi, jirani yetu, mtu mpole asiyependa maneno. Ngwe yake alikuwa amemaliza zamani na haki yake ameshainywa. Akashika jembe.

"Ni ya watoto hawa," alisema, akaingia kwenye matete. Alilima peke yake mpaka akamaliza. Aliporudi, shati limegandamana mgongoni, watu walimpigia vigelegele.

Mama alimjazia kata. Akajaza tena. Ya mwisho aliishikilia hewani, maana alimwona macho yamekwisha kulegea.

"Baba Zawadi, hii nikuwekee ya kesho?"

"Mpe haki yake, mama," watu wakasema. "Si amelima? Unamnyima aliyekuokoa?"

Na mmoja akaongeza kwa utani, "Au unamwekea shemeji yako?" Wote wakacheka. Mama akampa.

Asubuhi Zawadi, aliyekuwa darasa moja nami, alisimama mlangoni kwetu. "Mama anaomba mtu wa kumchotea maji. Mkono wake hauinuki."

Mama yangu hakuuliza mkono umefanywa nini. Alichukua ndoo akaondoka. Baba Zawadi alikuwa hajawahi kumpiga mkewe kabla ya siku ile, na ninavyojua hakumpiga tena. Lakini mkono ule ulipona ukiwa umepinda, na mama Zawadi aliubeba hivyo maisha yake yote. Kwa msimu mzima mama alimchotea maji, akamtwangia, akamlimia. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza jambo lenyewe.

Kinyungu kilibaki chetu. Tulikula, tukasoma, tukakua.

Wazee wa kanisa walikuja pamoja na mwinjilisti, wakakaa kwa adabu, wakamweleza mama kwamba akitaka kurudi Mezani atasimama mbele ya usharika atubu kuwa alipika pombe.

"Nilipika ili watu walime," mama alisema. "Kwa hilo sina la kumwambia Mungu ila asante. Lakini iko kata moja, ya mwisho. Kwa hiyo moja nitasimama hata leo."

Mwinjilisti akasema kwa upole, "Mama, hakuna toba ya kata moja."

"Basi mimi hiyo ndiyo niliyo nayo."

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameona nyumba nyingi zikibomoka, na sheria ndiyo iliyokuwa fimbo yao. Kuanzia hapo, kila Jumapili ya Meza ya Bwana, mama aliimba mpaka wimbo wa maandalizi, kisha alitoka nje pamoja na watoto wadogo. Nilipopata kipaimara nilipiga magoti mbele nikimsikia nje akimbembeleza mtoto wa mtu. Hakunung'unika. Pombe hakupika tena. Aliaga dunia hajarudi Mezani, na aliyemfumba macho alikuwa mama Zawadi, kwa mkono wake ule.

Sasa mimi ni mzee wa kanisa. Ninamshukuru Mungu kwa yote, hata kwa yale ambayo bado namwuliza. Mjukuu wangu Baraka ni fundi umeme Makambako, na amejifunza kwenye simu kupika bia nyumbani. Alinipigia akilalamika.

"Babu, wiki nzima imekaa kimya."

"Na mimi mzee wa kanisa unaniuliza pombe?"

"Nimuulize nani, babu, mchungaji?"

Nilimwambia alifunike pipa, asiliweke juu ya sakafu ya saruji, na aangalie ndoo zake kama hazina mafuta. Likaamka. Alipoingia nyumba yake mpya alinialika niombe. Nikaomba. Bia yake ilikuwa kwenye pipa la chuma linalong'aa, mtungi wa gesi pembeni, bomba mbele.

"Nani anagawa?" nilimwuliza.

"Hakuna, babu. Kila mtu anajifungulia."

Nikaomba kiti, nikakiweka karibu na bomba. Vijana walicheka, wakasema babu amefungua baa. Kijana mmoja aliporudi tena na tena, nikafunika bomba kwa kiganja.

"Babu, tofali zote za nyumba hii nimezibeba mimi."

"Najua, mwanangu. Mkeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani na mtoto."

"Anaitwa nani?"

Akanitaja jina. Nikamwambia akae, ale nyama kwanza, tumzungumzie huyo mkewe. Alinung'unika kwamba wazee siku hizi wamekuwa askari, lakini alikaa, na jua lilikuwa bado liko juu alipoaga.

Bia ya siku hizi ni safi kuliko yetu. Inatoka baridi, povu limetulia, haina makapi, na Baraka anaweza kukueleza sababu ya kila kitu. Sibishani naye. Ninachokikosa ni mtu wa kukaa kando ya pipa, aliye tayari kuchekwa, anayejua majina ya wake wa wote waliokuja kunywa.