Sebule ya Wageni

Kila Jumamosi naacha meza yangu ya mitumba sokoni Busia, nakwenda Bulumbi kuosha maua ya plastiki ya Mama. Nayaloweka kwenye beseni la sabuni, napitisha mswaki mkuukuu kati ya majani, nayaanika kwenye kamba kama soksi. Magoti ya Mama ni mabovu, na vumbi la kwetu halina huruma. Nimechoka. Nasema waziwazi kwa sababu hakuna anayeniuliza.

Sebule yenyewe hatuikalii. Sisi wa nyumbani tunakula jikoni. Kila kiti kina kitambaa alichofuma mwenyewe, na juu yake kitambaa kingine cha kukilinda kile cha chini. Dubu wa manyoya ananing'inia ukutani ndani ya nailoni ya dukani. Kalenda za miaka iliyopita zimebaki kwa ajili ya picha: maporomoko ya maji, farasi weupe, jiko la Wazungu lenye matunda yasiyoota kwetu. Yesu yuko kwenye saa, na taa zinawaka kumzunguka. Mgeni akiingia, Mama husimama mlangoni akingoja asifiwe.

Mdogo wangu wa kiume hupamba nyumba za matajiri Nairobi. Kuta nyeupe, chungu kimoja kwenye kona, basi, analipwa. Alipokuja Krismasi iliyopita alizunguka sebule akipiga picha kila kitu. Mama alifurahi hadi akaenda kuvaa gomesi yake ya harusini. Akaketi katikati ya vitambaa, mikono magotini, akataka na yeye apigwe picha.

Wiki iliyofuata, nikiwa sokoni, binamu yetu alinitumia ile picha. Mdogo wangu alikuwa ameiweka mtandaoni na maneno, "Usimwache mama yako apambe." Chini yake watu tusiowajua walikuwa wanavunjika mbavu. Mmoja aliuliza kama bibi anauzwa pamoja na dubu.

Nilimpigia simu nikamfokea mbele ya wateja.

"Dada, ni utani tu," alisema. "Nani anamjua?"

Nikakata. Niliumia, lakini hata nguvu za kuendelea kugombana sikuwa nazo.

Jumamosi nilikuta jirani ameshamwambia Mama kwamba yumo kwenye simu za watu. Mama alinivutia kigoda kabla sijashusha mzigo.

"Sasa hao watu wanasema nini?"

Nilimtazama. Alikuwa amesuka nywele.

"Wanasema umependeza, Mama."

"Na nyumba?"

"Na nyumba pia."

Alishusha pumzi.

"Wako ngapi?"

"Ni wengi."

"Waambie wakuje." Kisha akageuka kutazama uani, na furaha ikampungua usoni. "Lakini kuku iko mbili tu. Waambie wasikuje wote siku moja."