Maskhara Yangu Mbele ya Daktari

Nilipokuwa mzima nilipenda nyumba kama konokono apendavyo gamba lake. Nilikuwa na elimu ya sekondari na ukarani dukani kwa Mhindi mmoja. Kazi ikiisha, mbio nyumbani, mtaani Mabawa. Watu walikuja barazani kwangu kutaniwa. Basi ugonjwa ulipoanza, nani angeujua? Mtu asiyetoka akiacha kutoka, nani atamuuliza?

Ulianza na usingizi. Nikawa naamka kungali giza, moyo unadunda, mdomo mchungu. Wali wa nazi nikautafuna kama kamba ya mkonge. Choo kikafunga. Suruali ikawa inaniteremka kiunoni. Mama akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikanywa. Faraja nikapata, usingizi sikupata. Kisha likanijia wazo la kufa, nalo likahamia kabisa.

Mke wangu Zuhura akanipeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akaanza kunipima akili.

"Leo siku gani, bwana?"

"Jumanne, ila kama serikali imeibadili."

"Unasikia sauti za watu usiowaona?"

"Ya mama mkwe. Naye yuko Pangani!"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe mzima kuliko mimi. Nenda kapumzike."

Nikainuka. Nilikuwa nimemshinda, na ushindi ule ungeniua.

Zuhura hakuinuka. "Daktari, usicheke. Huyu nyumbani hasemi. Maskhara haya amekuvalia wewe, kama kanzu ya Ijumaa. Wageni wakiondoka, anageukia ukuta."

"Mama Saidi, wanitia aibu."

"Aibu bora kuliko sanda, Baba Saidi."

Daktari akaivaa tena miwani, akavuta kiti karibu. "Bwana, unataka kufa?"

Nikatafuta utani. Sikuuona. "Ndiyo," nikasema.

"Umekwisha kupanga utakavyofanya?"

Nikamweleza yote. Zuhura akalia, mimi nikahisi kifua kinashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilidhani swali lile lingenisukuma, kumbe lilinishika.

Hawakuniachia niende. Nililazwa, na shemeji zangu wakapokezana kunilinda. Dawa ilinifanya nitokwe na udenda kama mtoto. Usingizi ulirudi kwanza, njaa ikafuata, hamu ya kuishi ikaja mwisho, ikijikokota kama bibi harusi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari aliyekubali kuuliza upya, na Zuhura aliyekataa kuinuka. Nawe mwenye mcheshi nyumbani, wageni wakishaondoka, kaa naye. Muulize waziwazi kama anataka kufa. Akikutania, cheka kidogo, kisha muulize tena.