Uzi Mwekundu wa Dobi

Wifi yangu ni dobi, na kwa pasi hana mpinzani mtaa mzima. Kwa maneno ndiyo hafui dafu kwangu. Banda lake liko nyuma ya nyumba ya kaka yangu: mabeseni matatu, kamba mbili, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Nguo ikiletwa na doa sugu au imechanika, kabla haijagusa maji hushonewa uzi mwekundu ndani ya kola. Maana yake ililetwa hivyo, dobi asilaumiwe. Kazi hiyo ya uzi ni ya binti yake wa pekee, tunayemwita Cherehani kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Cherehani ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika, mama yake hupiga pasi kitambaa na kumfunga nacho magotini kikiwa bado na joto, huku akimwambia, "Nisamehe mwanangu. Mimi na baba yako ndio tuliokupa." Mwaka huu maumivu hayampi nafasi, na daktari amesema mwili hautavumilia mengi tena. Tiba iliyobaki ni uboho, ute wa ndani ya mifupa, wa ndugu wa tumbo moja ambaye damu yake inaendana na yake. Ndugu hana.

Ndiyo maana wakaenda kliniki kumtafutia. Mayai ya wifi na mbegu za kaka zikakutanishwa maabara, vikapatikana viinitete, mimba changa kabisa, vikapimwa kimoja kimoja. Kimoja tu ni kizima na kinaendana na Cherehani. Nilimwambia wifi bila kumung'unya maneno, "Unazaa mtu au unazaa dawa? Na akikua akakuuliza?"

"Aniulize," alinijibu. "Angalau nitakuwa na wawili wa kuniuliza."

Juzi tulikuwa tunakunja mashuka, Cherehani akasema, "Mama, wale waliopimwa wakaonekana wana ugonjwa kama wangu, wamepelekwa wapi?"

Wifi alikuwa amechoka, akajibu harakaharaka, "Hao hawachukuliwi."

Cherehani alinyamaza. Hakusema neno tena siku ile, nasi wajinga tukafurahi kwamba leo anapumzika.

Asubuhi hii ndiyo wifi alitakiwa kwenda kupandikizwa kile kiinitete. Kabla ya kutoka alitaka kumwachia binti yake gauni lililonyooka. Akiwa anaipiga pasi kola, mimi na Cherehani tukiwa kando, vidole vikakwama. Uzi mwekundu, mishono midogo imepangwa vizuri. Akavuta gauni lingine kabatini, nalo lina uzi. Akavuta sweta la shule. Nguo zote za mtoto zilikuwa nao.

"Nani kakwambia uweke hivi?" alimuuliza binti yake.

"Hakuna. Nimeweka mwenyewe, ili watu wajue nilikuja hivihivi. Usiwe unaniomba msamaha, mama."

Wifi akaketi juu ya rundo la nguo za wateja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akanivuta pembeni yake, akasema kwa sauti ya chini mtoto asisikie, "Nikienda, nimemwambia mwanangu kwamba yeye asingechukuliwa. Nisipoenda, namzika. Haya niambie, wifi, wewe unayejua kusema."

Maneno yangu yote ya kliniki na dawa yalinisuta, na nilitamani anitukane tu yaishe.

Kaka akapiga honi huko nje. Wifi akajaribu kuukata ule uzi kwa meno, lakini mishono ilikuwa midogo mno, akashindwa, akamvalisha mtoto gauni hivyo hivyo. Alipofika mlangoni, Cherehani akamwita.

"Mama, uchague mzuri."

"Sawa, mwanangu," alisema wifi, akaenda. Hakugeuka nyuma, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu uso wake mimi nilikuwa nimeshauona.