Marahaba Niliyoiwahisha

Mnicheke tu. Baada ya miaka mingi bila kukimbia, nilijiandikisha mbio za Korogwe, kitambi nimekibana ndani ya fulana niliyovaa nilipokuwa bingwa wa shule.

Vijana walionipita walinisalimia, "Shikamoo mzee." Nikajua bado nakumbukwa. Kila mmoja nilimwitikia marahaba, kwa pumzi niliyokuwa naihitaji mwenyewe.

Kwenye kilima nikasikia hatua nyuma yangu. Sikusubiri salamu. "Marahaba, mwanangu," nikasema bila kugeuka.

"Mwanangu ni wewe," ikajibu sauti ya mama mkwe wangu. "Na mimi sijakuamkia."

Akanipita akitembea zake kwenda sokoni, mkungu wa ndizi kichwani. Mbele kidogo akasimama.

"Baba Neema, nikusubiri?"