Kiti cha Ustadh Khalfani

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa hasira, na hasira yenyewe sijaimaliza. Kwa hiyo usitazamie maneno ya asali.

Nilikuwa nimekaa hospitalini hapa Ibra, Oman, kwenye viti vile vya plastiki vya ukumbini, na ndani mjukuu wangu Nasri anafungwa mkono. Alikuwa amevunjika mtulinga, mfupa huu unaopita juu ya kifua kwenda begani. Kavunjika uwanjani, timu yao ikicheza mpira wa Kimarekani na vijana wa Nizwa. Aliyempiga kamjia kwa nyuma. Nasri hakumwona kabisa.

Pembeni yangu amekaa Haithamu, rafiki yake Nasri tangu skuli, kijana mcheshi, mdomo wake haupumziki. Akataka kunituliza. "Babu, usihuzunike," ananiambia. "Sisi tulijua tu. Ustadh akishakaa kiti, Nasri hana lake."

"Kiti gani?"

Akanifungulia simu. Kuna kijipicha pale, stika wanaiita, zile za kutumiana kwenye Watsap. Ni Ustadh Khalfani, mlinzi wao wa kushoto, mtu wa miraba minne, kainama uwanjani na helmeti yake, makalio yamerudi nyuma kama anayetafuta pa kukaa. Chini yake wamemtilia kiti cha plastiki, na maneno: Karibu kiti, Ustadh. Haithamu anacheka. Aliponiona mimi sicheki, akaizima simu.

"Mmelijua hili tangu lini?"

"Tangu mechi na vijana wa Sur, Babu."

"Na mwenyewe anajua?"

"Aa, Babu! Nani atamwambia? Ustadh wetu yule, katusomesha hesabu sote. Si aibu hiyo?"

Aibu! Mwanangu, nilisimama pale pale nikamwambia Haithamu maneno yaliyomtoa muuguzi chumbani kuja kuniomba nipunguze sauti. Sikupunguza.

Ngoja nikueleze mchezo wenyewe, maana huenda huujui ukadhani mzee kachanganyikiwa. Mpira huu una ncha mbili kama tende, na kila mara unasimama. Watu wanajipanga upya safu mbili, wanainama wakitazamana pua kwa pua, halafu mpira unatolewa chini. Hapo moja kati ya mawili: ama anapewa mtu akimbie nao, ama mrushaji anarudi nyuma kidogo aurushe mbali. Wale wa upande wa pili hawajui litakuwa lipi, na ndiyo mchezo wote huo, wasijue. Nasri ndiye mrushaji. Anarushia mkono wa kulia, kwa hiyo akijiandaa kurusha, mgongo wake unaelekea kushoto. Yule wa kushoto ndiye macho yake ya kisogoni. Na wa kushoto alikuwa Ustadh Khalfani.

Sasa utaniuliza, mzee wa Unguja, mwenye malori, haya kayajulia wapi? Mimi si msomi. Skuli niliiacha mapema, nikaja Oman kijana nisiyekuwa na Kiarabu cha kununulia mkate. Sina cheti hata kimoja. Malori unayoyaona yamepangwa nje ya nyumba yangu nimeyapata kwa mikono hii, sikurithi wala sikupewa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu pia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kambi ya mafuta jangwani, kusini ya Adam, mji ule ambao ukishaupita huoni tena mtende. Pale palikuwa na Wamarekani, na kila Ijumaa wakicheza mpira wao huo kwenye changarawe. Watu hawakuwatosha, wakatuchukua na sisi. Mimi nilikuwa na mbio, wakanipa kazi ya kukimbia na mpira. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja akiitwa Wolta, msimamizi wa mtambo wa kuchimba, uso umeungua na jua, Kiarabu chake cha kuokoteza. Mtu mmoja akipanda juu ya gari na kamera ya video, kubwa kama sanduku la safari, anaupiga picha mchezo wote. Kesho yake, tukishatoka kazini, kanda inawekwa kwenye chumba cha chakula, na sote tunakaa kuitazama.

Mara ya kwanza nilifurahi mno kujiona. Najiona nakimbia, natabasamu peke yangu. Wolta akasimamisha kanda. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Wewe. Tazama mikono yako."

Nikatazama. Kabla mpira haujatoka chini, nilikuwa nikijifuta viganja kwenye suruali. Akarudisha nyuma, akaonyesha mchezo mwingine. Najifuta tena, napewa mpira. Mwingine: sijifuti, na kweli mpira anapewa mwenzangu. Mwingine, najifuta. Hakuacha, alirudisha na kurudisha mpaka nikahisi masikio yanawaka.

"Unawapigia simu," akasema. "Unawaambia, jamani, nakuja."

Watu wakacheka. Wallahi nilitaka kumrushia sahani. Kijana wa watu, na ukoo wangu, naaibishwa na mtu ambaye hata jina langu hajui kulitamka!

Asubuhi yake nakwenda kwenye tangi la maji, dereva mmoja akaniona, akaanza kujifuta viganja kwenye suruali yake, anajifuta na kujifuta, na wenzake wanagonga ndoo kwa kicheko. Wolta alikuwa anapita. Akasimama. Akamwambia yule dereva, "Jana nilimwambia usoni asije akaumia. Wewe leo unamwambia ya nini?" Dereva akaondoa mikono kwenye suruali. "Basi la kwenye kanda liache kwenye kanda," akasema, akaenda zake kazini.

Tangu siku ile sikujifuta tena viganja. Na yule mzee, ambaye usiku nilimlaani, asubuhi nilimwona mtu.

Ndiyo maana Haithamu aliponionyesha ile stika, damu ilinipanda. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, niliita timu nzima sablani kwangu, kwenye baraza yetu ya kupokelea wageni. Wakaja na kanzu zao safi, shikamoo Babu, shikamoo Babu, wakakaa chini kwa adabu kama wamekuja kuposa. Nasri kaegemea mto, mkono umefungwa kifuani.

Ustadh Khalfani akaja wa mwisho, na birika lake la kahawa na bakuli la halua, kama afanyavyo kila wanapokutana. Hakukaa. Akasema, "Babu, bora umetuita, maana mimi nimekuja kuaga. Mimi ndiye niliyekuwa upande ule. Kila mechi wananipita, na sijui wananipita vipi. Nakaa nyumbani nafikiri, sijui. Nimeshakuwa mzito. Nimemvunja mtoto wa watu, basi."

Ungeviona vichwa vya vijana vile, mwanangu, vimeinama vyote kwenye zulia. Wako tayari mtu mzima aondoke na mzigo ule kifuani maisha yake yote, ilimradi wao wasione haya kwa dakika moja.

Nikamwambia Ustadh akae kwanza. Nikawaamuru waiweke filamu ya mechi ya Nizwa kwenye televisheni. Siku hizi wana kindege kidogo cha kamera, kinapiga kutoka juu na pembeni, unaona mpaka vumbi la kiatu. Ikafika pale Nasri anapopigwa. Nikasema simamisha.

"Wewe," nikamwambia wa kwanza. "Umeona nini?"

"Bahati mbaya, Babu."

"Na wewe?"

"Wale wa Nizwa wepesi sana, Babu, masha Allah."

"Wewe?"

"Jua lilikuwa la usoni."

Nikamfikia Haithamu. Anaikunja pembe ya kanzu yake. "Mungu hakujaalia, Babu."

"Mungu usimtie hapa!" nikamwambia, na mkono wangu ulikuwa umeshapiga meza, vikombe vikaruka. "Mungu hakutengeneza stika!"

Ustadh akaniangalia mimi, akawaangalia wao. "Stika gani?"

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Nami nilinyamaza makusudi, ingawa kunyamaza sikuwezi. Halikuwa langu kulisema. Mwishowe Nasri akajisogeza kwenye mto, na nikaona namna alivyobana meno kwa maumivu. "Haithamu, rudisha nyuma," akasema. "Ustadh, naomba radhi. Tazama vidole vyako."

Wakatazama. Mchezo wa kukimbia: Ustadh ameinama, uzito wote mbele, vidole vya mkono vimekandamiza chini mpaka vimebadilika rangi. Mchezo wa kurusha: vidole vinagusa tu majani, visigino vimelala, makalio yamerudi nyuma. Mwingine, kukimbia, vidole vimekandamiza. Mwingine, kurusha, kakaa. Na yule wa Nizwa anayemkabili hamtazami Nasri wala mpira. Anatazama vidole vya Ustadh. Akiona vimelegea, anajua kunarushwa, anaanza mbio kabla ya wote.

Ustadh akachukua rimoti mwenyewe mkononi mwa Haithamu. Akarudisha. Akatazama. Akarudisha tena.

"Mmeliona tangu lini?"

"Tangu Sur, Ustadh," Nasri akasema.

"Tangu Sur." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na mimi nilitamani apige kelele. "Tumekutana mara ngapi tangu Sur? Nimewamiminia kahawa kwa mikono hii. Haithamu!"

"Labeka, Ustadh."

"Darasani, ukikosea hesabu ubaoni, nilikuwa nakufanya nini?"

"Unaniambia nimekosea, Ustadh."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya darasa zima."

"Nilikuwa nakuchukia?"

"Hapana, Ustadh. Wallahi hapana."

"Basi nyinyi mlinichukia nini?"

Haithamu alilia. Kijana mzima mwenye ndevu, analia juu ya halua. Akaitoa simu yake akamwonyesha Ustadh ile stika mwenyewe, bila kuambiwa, na hilo namhesabia. Ustadh akaitazama kwa muda. Nikasema moyoni, sasa anaondoka, na akiondoka ana haki.

Akainuka. Akaipandisha kanzu yake magotini, akaifunga kiunoni, akainama katikati ya zulia langu, mkono mmoja chini, kama uwanjani. "Haya," akasema. "Nionyesheni."

Wakatazamana. Haithamu akapiga magoti nyuma yake, akamsukuma kiuno. "Mbele, Ustadh. Mbele kidogo tena. Hapo nyuma hapana kiti." Ustadh akacheka, akacheka mpaka akaanguka ubavu, na sabla nzima ikacheka naye. Neno lile lile, mwanangu. Huko kwenye simu lilikuwa sumu, na usoni kwake limekuwa dawa.

Wakaendelea mpaka adhana ya magharibi. Nasri anamnong'oneza Ustadh sikioni, kukimbia au kurusha, Ustadh anainama, na wenzake wanatakiwa wabahatishe. Mwanzo walipatia kila mara. Kisha wakaanza kukosea. Mwisho wakawa wanakosea na kubishana wao kwa wao, na Ustadh pale chini anatokwa na jasho, hakuna anayejua kaficha nini. Ustadh hakuaga tena.

Lakini usidhani hasira yangu iliishia kwenye kicheko kile. Nasri mpaka leo anashika birika kwa mkono wa kushoto. Kila nikimwona nasema, mfupa huu haukuvunjwa na kijana wa Nizwa. Yule alifanya kazi yake, alitazama filamu na macho yake akayatumia. Uliovunja mfupa ni ulimi wa rafiki, uliokuwa mzito pa kusemea na mwepesi pa kunyamazia.

Sasa nisikilize vizuri. Tumelelewa kusitiriana, na malezi hayo ni mazuri, sitaki mtu ayaguse. Lakini kumsitiri mtu ni kumfunika mbele ya wasiohusika. Kumfumba macho yeye mwenyewe asijione, huko si kumsitiri. Mkikaa kuitazama kazi yenu, iwe mpira, iwe duka, iwe ndoa ya nduguyo aliyekuomba ushauri, kilichoonekana kisemwe pale pale, mwenyewe akiwepo, hata akiwa mkubwa wako, hata akiwa aliyekusomesha. Sema kwa adabu, anza na radhi kama alivyoanza Nasri, lakini sema. Na mkishainuka pale, imekwisha. Usiende nalo sokoni, usilitie kwenye simu. Heshima ya kumwacha mkubwa wako aumie na kuumiza wengine, mimi siijui, na sikufundishwa na wazee wangu. Huo ni woga umevaa kanzu.

Na siku ukisimamishwa wewe, ukaambiwa tazama mikono yako, utataka kurusha sahani. Usirushe. Tazama mikono.

Mungu akupe, mwanangu, rafiki wa kukwambia usoni na moyo wa kumvumilia. Akulinde na kicheko cha nyuma ya mgongo, usikicheke wala usichekwe. Auunge mfupa wa Nasri, ampe Ustadh Khalfani nguvu za magoti, na Haithamu, hata yule, amtie maneno yake mahali pake. Amin.